Neno la Manju Chini ya Ngoma

Ushairi wa Waswahili ulikuwa kinywani kabla haujafika kwenye karatasi, na wapenzi wake wa pwani hawahitaji kukumbushwa kwamba utungo wa kuimbwa hupimwa kwanza kwa sikio. Santuri ambazo Siti binti Saad alianza kurekodi Bombay mwaka 1928 zina mikwaruzo tele, ilhali sauti yake imo mbele na neno lake hufuatika. Kipimo hicho hicho, yaani je, neno linasikika?, ndicho kinachofaa kutumiwa katika kuzihakiki video za nyimbo za Kisukuma zinazotoka Shinyanga, Kahama na Geita.

Video hizo zilikuwa zikiuzwa sokoni katika kanda na diski. Siku hizi hupita katika simu, kadi za kumbukumbu na YouTube. Picha zake zimepiga hatua kubwa. Kamera hupaa juu ya mbuga, wachezaji husimama safu kwa safu katika sare zao, na rangi hukolezwa hadi vumbi likawa zuri. Sauti haikwenda kwa mwendo huo. Mara nyingi manju, ambaye ndiye mtungaji na kiongozi wa wimbo, huonekana akifumba na kufumbua kinywa, na kinachofika sikioni ni ngoma, kelele za watazamaji na mvumo wa upepo.

Hasara hiyo haieleweki vyema mpaka ikumbukwe jinsi utungo huo unavyoishi. Vyama vya ngoma vya Wasukuma vimegawanyika tangu karne ya 19 katika pande mbili, Bagika na Bagalu, majina yanayotokana na waganga wawili waliokuwa mahasimu, Ngika na Gumha. Baada ya mavuno, kuanzia mwezi wa Juni, pande hizo hushindana uwanjani kwa wakati mmoja, kila kundi likipiga ngoma yake, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi zaidi. Manju humtupia mwenzake fumbo, naye hutakiwa kulifumbua na kulirudisha. Msomaji aliyezoea majibizano ya malenga wa pwani atatambua mara moja kilichomo hatarini. Jibu lisiposikika, majibizano hayapo tena, imebaki gwaride.

Kosa la kwanza la wanaorekodi ni umbali. Kipaza sauti kilichojengwa ndani ya kamera husikiliza kutoka pale kamera iliposimama, na kamera husimama mbali ili iwapate wachezaji wote. Mahali pa wazi, kila umbali unapoongezeka maradufu, nguvu ya sauti hupungua hadi robo. Kwa hiyo manju aliye hatua kumi na sita kutoka kwenye kamera hana matumaini mbele ya ngoma iliyo hatua nne. Dawa yake si ghali. Ni kinasa sauti kidogo, hata simu ya pili, kikaachwa karibu na kifua cha manju, na picha ikaunganishwa na sauti hiyo baadaye. Hugh Tracey, aliyezunguka Tanganyika mwaka 1950 akirekodi nyimbo za makabila, alikuwa akikishika kipaza sauti mkononi na kukisogeza kwa mwimbaji, kisha kwa ala. Mkono huo ulikuwa ukihakiki: ulichagua kipi kisikike na wakati gani.

Kosa la pili ni kuiachia kamera ijipangie kiwango cha sauti. Ngoma kubwa inapopigwa, kamera hushtuka na kuishusha sauti yote. Pigo likipita, huipandisha tena taratibu. Matokeo yake ni kwamba silabi zinazofuata kila pigo huzama, na mizani ya utungo huonekana kuwa na mapengo ambayo manju hakuyatunga. Na kiwango kikiwa juu mno, pigo hugonga kikomo na kukatwa kichwa. Sauti iliyokatwa hivyo hairudishiki kwa programu yoyote katika hali yake ya asili. Anayerekodi hana budi akipange kiwango kwa mkono, akisikiliza kwa vidude vya masikioni, na kuacha nafasi ya desibeli kumi na mbili hivi chini ya kikomo kwa ajili ya pigo lisilotarajiwa.

Halafu kuna mahali penyewe. Kiangazi cha Shinyanga kina upepo usiokutana na miti mingi, nao ukigonga kipaza sauti kisichovalishwa sifongo au manyoya huvuma kama lori. Geita, hasa kwenye machimbo ya wachimbaji wadogo kama Nyarugusu, kuna makarasha yanayosaga mawe, pampu zinazotoa maji mashimoni na jenereta zisizopumzika. Wahariri wengi hujaribu kuyaondoa hayo kwenye kompyuta kwa kufyeka masafa yote ya chini. Lakini huko huko chini ndiko inakoishi ngoma kubwa, na wimbo hubaki umesimama bila miguu. Kama sauti ya manju imerekodiwa peke yake, ufyekaji huo hufanywa kwake tu, chini ya hezi 80 au 100, na ngoma ikaachwa na tumbo lake.

Uharibifu ulio mkubwa zaidi hufanywa kwa nia njema. Siku hizi kila programu ya uhariri ina kitufe cha kusafisha sauti, ambacho huitafuta pumzi na mchakacho kisha kuufuta. Kisukuma kina sauti za puani zinazotamkwa kwa pumzi bila mghuno: mh, nh, ng'h. Pumzi hiyo si uchafu, ni herufi. Salamu ya mhola, inayojulikana hata na asiyejua neno jingine la Kisukuma, ikisafishwa sana hukaribia kuwa mola, na msikilizaji wa pwani atadhani manju anamtaja Muumba. Kadhalika Kisukuma ni lugha ya toni, na toni ya juu husikika silabi mbili mbele ya pale ilipochimbukia. Manju huipatanisha sauti ya wimbo na toni za maneno yake. Programu inayomvutia kwenye noti ya karibu ya kinanda huyavunja mapatano hayo bila kujua kwamba yalikuwapo.

Hapa ndipo mhariri anapotakiwa kuwa na jicho la mhakiki. Ngoma ya kundi la pili inayosikika kwa mbali hufutwa na wengi kama kelele, au wimbo mzima hurudiwa studio na wachezaji wakaja kufuatisha midomo. Video ya namna hiyo huwa safi na haina mshindani. Zile bora kati ya kazi hizi, ambazo hazikosekani, huiacha ngoma ya hasimu isikike chini, ikapanda pale watu wanapohamia upande wa pili, huku sauti ya manju ikiwa imeshikwa kwa karibu. Humo msikilizaji hutambua kwa nini manju ameongeza ukali wa fumbo lake ghafla: anapoteza watu.

Yako pia makosa madogo yanayoharibu kazi kubwa. Video kwa kawaida hutumia sampuli 48,000 kwa sekunde, ilhali baadhi ya vinasa sauti hupangwa kwenye 44,100. Programu ikizisoma hizi kana kwamba ni zile, wimbo hukimbia kwa karibu asilimia 9 na sauti ya mtu mzima hupanda kama ya kijana. Hata vipimo vikilingana, saa za vyombo viwili hazitembei sawasawa, na katika wimbo wa nusu saa mdomo huenda ukaachana na neno. Kofi moja mwanzoni na jingine mwishoni humwonyesha mhariri tofauti hiyo. Tena, kazi ijaribiwe kwenye simu ya kawaida kabla haijatolewa, kwa kuwa wengi husikilizia humo. Sauti za kushoto na kulia zikiwa zinapingana, spika moja ikizichanganya hufutana, na manju hutoweka.

Baadhi ya video huwekewa tafsiri ya Kiswahili chini ya picha, jambo la kushukuriwa. Lakini mfasiri naye hutegemea sikio. Fumbo la Bagika dhidi ya Bagalu hutungwa kwa mavuno ya mwaka huo, kwa jina la hasimu wa siku hiyo, na mwaka unaofuata manju huwa na jibu jingine. Mfasiri atakayeifungua video hiyo miaka thelathini baadaye hatakuwa na manju wa kumuuliza alisema nini kati ya pigo na pigo. Atakuwa na kile tu alichokisogelea mwenye kipaza sauti.