Hesabu za Maharagwe

Vijana wengi wa Marekani waliohamia mashambani katika miaka ya 1960 walikifanya kitabu cha Thoreau, Walden (1854), kuwa mwongozo wao. Walisifu upweke wake. Hesabu zake waliziruka. Hasara iliyoje! Uzito wa kitabu umo humo, ambapo lugha, yenye fahari kwingineko, ni kavu kama daftari la duka. Thoreau alilima ekari mbili na nusu, hasa maharagwe; akatumia dola 14.72½, akapata 23.44. Mwaka wa pili akapunguza shamba hata theluthi ya ekari. Ardhi ya kibanda (si neno dogo) ilikuwa ya rafiki yake, Emerson. Septemba 1847 alirejea Concord. Drop City, jumuiya iliyoanzishwa Colorado mwaka 1965, ilihamwa kabla ya kutimiza miaka kumi.