Badili jina la "default", ila usidhani umefunga mlango

Microsoft ina ushauri mwingi kwa wasimamizi wa Power Platform, na mmoja kati ya huo unachukua kama dakika moja kuutekeleza: badilisha jina la mazingira ya default. Kampuni inapendekeza yaitwe Personal Productivity, yaani mahali pa kufanyia vijikazi vyako binafsi. Ushauri wenyewe ni mzuri. Nina ugomvi na mambo mawili tu. La kwanza, kwamba jina la mwanzo lilikuwa baya kiasi cha kuhitaji ushauri. La pili, kwamba kulibadilisha kunaweza kumpa mtu wa TEHAMA usingizi mnono ambao bado hajaufanyia kazi.

Kama hujawahi kukutana na mfumo huu: Power Platform ni jukwaa la kutengeneza programu za ofisini bila kuandika msimbo mwingi. Unaburuta vitufe, unaunganisha na jedwali la Excel, na mchana mmoja ukiisha una programu ya kuombea likizo, au mtiririko unaotuma barua pepe kila fomu inapojazwa. Vyote hivi hukaa ndani ya "mazingira" (ndiyo, neno lilelile la miti na vyanzo vya maji). Hapa maana yake ni chumba cha kazi chenye programu zake, data zake na ruhusa zake, kwa hiyo nitakiita chumba ili tuelewane. Taasisi inaweza kuwa na vyumba vingi: cha majaribio, cha mfumo unaotumika rasmi, cha mtengenezaji mmoja mmoja. Lakini kimoja hujengwa chenyewe hata kama hakuna aliyekiomba, na hicho ndicho chumba chetu.

Kina sifa zake. Kila mtumiaji wa taasisi anaingizwa humo moja kwa moja akiwa na nafasi ya mtengenezaji, kuanzia mkurugenzi hadi mwanafunzi aliyekuja fildi wiki nane, mradi amepewa akaunti. Hakifutiki. Na jina kinalozaliwa nalo ni jina la taasisi yenyewe, likifuatwa na neno default kwenye mabano.

Hapo kwenye jina ndipo pa kukaa kidogo. Jiweke kwenye nafasi ya karani wa manunuzi ambaye amechoka kukusanya maombi kwa karatasi. Anafungua mfumo kwa mara ya kwanza, na pale juu anaona jina la ofisi yake. Ofisi yake! Ataacha vipi kuamini kwamba amefika mahali rasmi? Anajenga programu yake, wenzake wanaipenda, baada ya miezi sita idara nzima inaitegemea. Akihama kazi, mtiririko ule unategemea miunganisho ya akaunti yake, na akaunti ikifungwa unaweza kusimama. Karani hakukosea kitu. Alisoma kibao cha mlangoni akakiamini.

Neno default lenyewe lina historia inayochekesha kidogo. Kiingereza kililichukua kutoka Kifaransa cha kale, na maana yake ilikuwa upungufu au kushindwa. Ndiyo maana mabenki bado hulitumia kwa mtu aliyeshindwa kulipa mkopo. Kwenye kompyuta likawa na maana ya kile kinachotokea pale ambapo hujachagua. Sisi tumelitafsiri "chaguomsingi", na ukishika simu iliyowekwa Kiswahili utakutana nalo kila mahali. Sasa litazame vizuri: chaguo, wakati hakuna aliyechagua, msingi, wakati ni mahali ambapo hupaswi kujenga nyumba ya maana. Siwalaumu watafsiri, walikuwa na kazi ngumu na neno limeshazoeleka. Ila mtu anayesoma "mazingira ya msingi" ana kila sababu ya kuelewa kinyume kabisa cha anachoambiwa na wataalamu. Kwetu jina hili ni baya mara mbili.

Kwa nini watu wasichague tu chumba kingine? Kwa sababu binadamu tuna tabia ya kubaki pale tulipokuta tumewekwa, na hili limechunguzwa sana. Mfano unaotajwa mara nyingi ni utafiti wa Eric Johnson na Daniel Goldstein uliochapishwa kwenye jarida la Science mwaka 2003, kuhusu kuchangia viungo baada ya kifo. Ujerumani, ambako mtu alipaswa kujiandikisha ili awe mchangiaji, waliokubali walikuwa 12% hivi. Jirani zao Austria, ambako mtu alihesabiwa amekubali mpaka akatae, walikuwa 99.98%. (Hiyo ni idadi ya waliohesabiwa wamekubali, si ya viungo vilivyopandikizwa, watu huchanganya.) Sidhani kuna anayeamini kwamba ukivuka mpaka huo huruma inaongezeka mara nane. Kilichotofautiana ni hali mtu anayokutwa nayo asipofanya lolote. Kama uamuzi mzito hivyo unabebwa na fomu, fikiria karani aliyeingia kwenye mfumo saa nane mchana akitaka tu kazi iishe.

Je, Personal Productivity inatibu tatizo? Nusu. Inaondoa jina la taasisi, kwa hiyo mhuri wa urasmi unatoka, na neno la kwanza linamwambia msomaji kwamba hapa ni pake binafsi. Neno la pili ndilo linaloniudhi. "Tija" ni lugha ya semina. Halisemi nini kinaruhusiwa na nini hakiruhusiwi, na jina la chumba lina nafasi ya maneno matatu au manne tu ya kufanya kazi hiyo. Mimi ningeandika "Majaribio na kazi binafsi". Kama wafanyakazi wanaongea Kiswahili siku nzima, sioni sababu ya kibao kuwa kwa Kiingereza, maana jina hili anaandika msimamizi mwenyewe na halisubiri tafsiri ya mtu.

Kichekesho ni kwamba Microsoft yenyewe haiogopi kubadili majina. Flow ikawa Power Automate mwaka 2019. Mwaka 2020 Common Data Service ikaitwa Dataflex Pro kwa muda mfupi, kisha Dataverse. Jina moja linalopotosha watu kila siku likaachwa, na kazi ya kulirekebisha wakapewa wasimamizi, taasisi moja baada ya nyingine.

Lakini tuseme umelibadilisha. Nini kimebadilika ndani? Kwa upande wa mfumo, karibu hakuna. Jina ni maandishi ya kuonyesha. Mfumo unakitambua chumba kwa kitambulisho chake, ambacho kinaendelea kuanza na Default. Kwenye orodha ya msimamizi, safu ya aina bado inasema Default. Kila mtumiaji bado ni mtengenezaji. Sera za data, zile zinazoamua huduma zipi zinaweza kuunganishwa pamoja na zipi zimezuiwa, zimebaki kama zilivyokuwa, na kama hukuandika yoyote basi hakuna.

Jukwaa hilihili limeshatuonyesha gharama ya mpangilio ambao hakuna aliyeuchagua. Agosti 2021 kampuni ya usalama ya UpGuard ilieleza jinsi tovuti zilizojengwa kwa Power Apps zilivyoacha wazi rekodi milioni 38 za taasisi 47, zikiwemo American Airlines, Ford, mashirika ya serikali za majimbo Marekani, na Microsoft yenyewe. Humo mlikuwa na taarifa za chanjo ya UVIKO-19. Hakukuwa na udukuzi. Ulinzi wa majedwali ulikuwepo, ila ulikuja ukiwa umezimwa, na mtengenezaji alitakiwa kujua kwamba anapaswa kuuwasha. UpGuard walipotoa taarifa mwanzoni, waliambiwa mfumo unafanya kazi kama ulivyokusudiwa. Baadaye Microsoft iligeuza mpangilio: tovuti mpya zikaanza na ulinzi ukiwa umewashwa. Ile ilikuwa sehemu nyingine ya jukwaa, si chumba chetu, na ilihitaji kugeuza kilichomo badala ya kuandika onyo zuri zaidi mlangoni.

Kwa haki, njia za kufanya hivyo kwenye chumba chetu zipo. Msimamizi anaweza kuandika sera ya data kali kwa chumba hicho peke yake. Anaweza pia kuwaelekeza watengenezaji wapya moja kwa moja kwenye vyumba vyao binafsi wasipitie kile cha wote, ingawa kipengele hicho kimo kwenye huduma za kulipia, na hapo taasisi nyingi ndogo zinakwama. Sera ya data msimamizi anaweza kuiandika leo, halafu abadili jina.