Jua au Joto? Bega la Manjano la Nyanya ya Kibera

Magunia ya udongo yalienea Kibera, Nairobi, baada ya machafuko ya uchaguzi wa 2007, na mengi hadi leo ni ya sukuma wiki na spinachi. Wapo hata hivyo wanaochomeka nyanya, na nyanya iliyoivia kwenye gunia lililoegemea ukuta wa mabati huwa na alama yake: tumbo jekundu, bega la manjano. Mnunuzi hudhani imechumwa mapema. Sivyo. Wekundu wa nyanya ni likopini, na tunda likipita digrii 30 hivi za Selsiasi, likopini hukwama huku rangi ya manjano ikiendelea kutengenezwa. Ukiisubiri nyanya hiyo iwe nyekundu yote, itaoza kwanza.

Sasa, mharibifu ni nani, jua au joto? Swali linaonekana la kitoto mpaka ujaribu kulijibu. Mwanga na joto hufika pamoja. Ukitundika neti ya kivuli umewafukuza wote wawili, na nyanya ikipona hujui ni yupi aliyekuwa akiiumiza.

Waliowatenganisha vizuri zaidi, kwa ninavyoona mimi, walikuwa watu wa zabibu. Katika bonde la Yakima, jimbo la Washington nchini Marekani, Sara Spayd, Julie Tarara na wenzao walifanya kazi kwenye mizabibu ya Merlot, wakachapisha matokeo mwaka 2002. Walikuwa na vishada vya juani na vya kivulini, kama jaribio lolote. Kisha wakaongeza makundi mawili ya ajabu. Vishada vya juani vilipulizwa hewa baridi hadi vikawa na joto la vile vya kivulini; vishada vya kivulini vikapulizwa hewa moto hadi vikalingana na vya juani. Wakapata jua lisilo na joto, na joto lisilo na jua. Kupuliza hewa kwenye vishada shambani, saa baada ya saa, ni kazi ya kuchosha, lakini bila hiyo tungekuwa bado tunabishana.

Jibu likawa kwamba zabibu nyekundu hupoteza rangi kwa sababu ya joto. Vishada vya juani vilivyopozwa vilikuwa na rangi nyingi kuliko vile vilivyoachwa viungue. Rangi hiyo ni anthosiyanini, ileile inayokoleza zambarau na ganda la kitunguu chekundu.

Joto halikomei kwenye rangi. Zabibu ina asidi mbili kubwa. Ya kwanza ni ya maliki, ile ya tofaa. Tunda huitumia kama kuni wakati wa kupumua, na joto likipanda kuni hizo huisha haraka. Ya pili ni ya tatariki, ambayo ndiyo ukali wa ukwaju, na hiyo haitetereki sana. Kwa hiyo zabibu ya joto kali huwa tamu lakini imepooza, haina ule mchomo wa ulimini. Joto likizidi 35, majani hufunga matundu yake ili kuokoa maji, sukari mpya inapungua, na utamu unaoonekana kuongezeka mara nyingine ni tunda kunyauka tu. Mkulima anayepima sukari peke yake hudanganyika hapo. Wakulima wa Dodoma, wanaovuna mara mbili kwa mwaka, huivisha mazao hayo mawili katika hali ya hewa isiyofanana, ingawa mzabibu ni uleule.

Turudi nyumbani. Kipimo cha joto tunachosomewa Nairobi hutoka kituo cha hali ya hewa cha Dagoretti, jirani kabisa na Kawangware. Chombo chake kimekaa ndani ya kisanduku cheupe chenye kupitisha upepo, juu ya nyasi. Mwishoni mwa 2015 na mwanzoni mwa 2016 watafiti walitawanya vipima joto Kibera, Mathare na Mukuru, wakakuta joto la huko limezidi la Dagoretti kwa digrii kadhaa. Na hiyo ni hewa tu. Kule Yakima, zabibu iliyopigwa na jua ilizidi hewa inayoizunguka kwa zaidi ya digrii 10. Jumlisha: siku ambayo redio imesema 27, nyanya iliyo kando ya bati imeshavuka 30 kabla ya saa sita mchana.

Ndiyo maana sioni faida ya kulifunika gunia gubigubi kwa turubai, kama wengine wanavyofanya. Turubai linaondoa mwanga, ambao haukuwa na kosa, na linafungia hewa moto ndani. Mama mboga wa Kawangware anayerusha maji kwenye sukuma yake kila baada ya muda yuko karibu zaidi na Yakima: maji yanapokauka huondoka na joto, mwanga unabaki. Kwa mwenye gunia, jambo la kwanza ni kulisogeza mbali na bati, hata kwa hatua mbili, upepo upate njia ya kupita katikati.