Heko kwa Wapokeaji wa 116

Wapo wafanyakazi ambao sura zao hatuzijui, lakini kazi yao inaokoa watoto kila siku: wapokeaji wa simu ya mtoto, namba 116. Tanzania na Kenya zinatumia namba hiyohiyo, na kupiga ni bure, hivyo hata mtoto asiye na salio husikilizwa.

Kazi yenyewe si lelemama. Anayepiga huenda ni mtoto anayenong'ona chooni, au jirani aliyechoshwa na vilio vya usiku. Mpokeaji hamkatizi wala hamhoji kipolisi. Kwanza huuliza: "Hapo ulipo uko salama?" Kisha hukusanya taarifa taratibu: kijiji, mtaa, umri, nani anaishi naye. Baada ya hapo, kwa Tanzania, suala hupelekwa kwa afisa ustawi wa jamii, na penye jinai, Dawati la Jinsia na Watoto la polisi.

Nchini Tanzania, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii atoe taarifa haki ya mtoto inapovunjwa. Wapokeaji hawa wameurahisisha wajibu huo. Hongereni sana, nasi tusione haya kupiga.