Maji ya Majivu

Katika jiko la Mlugbara wa Arua au Mkakwa wa Koboko, nchini Uganda, majani ya kunde na maharage makavu hulainishwa kwa maji ya majivu. Mgeni hudhani ni tiba ya aliyekosa chumvi dukani. Kumbe ni potashi, na kuipata kunataka mkono uliozoea.

Kazi huanza baada ya mavuno. Mabua ya ufuta na makapi ya maharage hukaushwa, yakachomwa mahali safi, maana mchanga ukiingia huharibu ladha. Majivu yakipoa huchekechwa ili mkaa utoke. Kisha hutafutwa chungu kikuukuu au sufuria iliyotoboka, nyasi zikatandikwa chini, majivu yakashindiliwa juu yake. Yakilegea, maji hupita mbio bila kubeba kitu. Yakikazwa mno, hayapiti. Ndiyo maana mama mpishi humimina maji kidogo kidogo, akaenda kufanya kazi nyingine.

Yanayodondoka yana rangi ya chai na huteleza vidoleni. Kaboneti ya potasiamu, yaani potashi yenyewe, huyeyuka upesi majini, ilhali chokaa, iliyojaa katika majivu mengi, hubaki chunguni. Matone ya kwanza ni makali: mpishi huyaonja kwa ncha ya ulimi, akayapima kwa kijiko. Yakizidi, mboga hurojeka na kuwa chungu. Maji ya pili ni hafifu, na kiasi chake huongezwa.

Ufundi huu uliwahi kuwa biashara kubwa. Hataza ya kwanza ya Marekani, mwaka 1790, alipewa Samuel Hopkins kwa njia yake ya kutengeneza potashi ya majivu. Migodi ya Stassfurt, Ujerumani, ilipoanza kuitoa ardhini mwaka 1861, majivu yalianza kupoteza soko. Potashi ni mbolea pia: vita vya Ukraine vilipopandisha bei ya mbolea mwaka 2022, amana za potashi kama za Dallol, Ethiopia, zilizidi kutazamwa kwa hamu.

Chungu cha Koboko hakitashindana na mgodi. Potasiamu yake ilitoka shamba lile lile, na kila gunia la mavuno linalouzwa huondoka na nyingine. Mbolea itahitajika. Ila atakayekuja kuwafundisha wanawake hawa vipimo vyake ajue kwamba somo la kiasi wamekwisha kulihitimu.