Kuihariri Hadithi Yako Mwenyewe

Mwaka 1958 Ernest Hemingway aliliambia jarida la The Paris Review kwamba ukurasa wa mwisho wa riwaya yake A Farewell to Arms aliuandika upya mara 39 ndipo akaridhika. Toleo la 2012 lilipokusanya miisho iliyobaki katika karatasi zake, ilifika 47. Watu hustaajabia hesabu. Mimi nastaajabia alichokikata. Katika baadhi ya miisho aliyoiacha, msimulizi anajieleza na kuutafutia msiba wake maana. Katika riwaya iliyochapwa mwaka 1929, anatoka hospitalini na kurudi hotelini kwa miguu, mvua ikinyesha. Huo ndio uhariri wenye heshima: zaidi ya kusahihisha tahajia, unamwachia msomaji sehemu yake ya kazi.

Kazi yenyewe huanzia kwenye sentensi. Mswada wa kwanza utasema, "Mwanahawa alikuwa na huzuni kubwa moyoni kwa kuwa mumewe hakurudi." Sarufi haina kosa, na ndiyo maana sentensi ya namna hii hupona kila inaposomwa upya. Lakini imetangaza huzuni bila kuonyesha kitu. Jaribu hivi: "Mwanahawa alifunika sahani ya mumewe kwa kawa. Alfajiri aliikuta kama alivyoiacha." Huzuni haikutajwa, na msomaji ameiona mwenyewe.

Wapo wanaosema kurudiarudia huzima moto wa hadithi. Kweli, mswada huweza kung'arishwa mpaka ukapoteza sauti. Ila kinachoua sauti ni woga wa mwandishi anayetaka kumpendeza kila mtu. Mwandishi anayejua hadithi yake inataka nini huikaribia zaidi kila anapoirudia. Wengine watasema mhariri wa shirika la uchapishaji yupo kwa kazi hiyo. Yupo, na ni wa lazima, lakini hupokea kilichofika mezani kwake. Tukio ulilolikwepa kuliandika hawezi kulijua.

Swali gumu ni lini ukome. Ngũgĩ wa Thiong'o alitoa A Grain of Wheat mwaka 1967, akaitoa tena ikiwa imerekebishwa mwaka 1986 ili ilingane na msimamo wake mpya. Naona alikuwa na haki hiyo, lakini isiwe kisingizio cha kutomaliza: yeye alirudia kitabu kilichokwisha kusomwa na watu.

Basi wewe mwenye mswada, uweke kando majuma kadhaa, kisha uusome wote kwa sauti, kalamu mkononi. Ukijikuta unaharakisha aya fulani, simama hapohapo uikate.