Maji na Mkondo Wake: Uhakiki wa Filamu ya Be Water kwa Mtazamo wa Kisumu

Filamu ya hali halisi ya Bao Nguyen, Be Water, iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la Sundance mnamo Januari 2020, inasimulia maisha ya Bruce Lee, bingwa wa sanaa za mapigano aliyezaliwa San Francisco mwaka 1940, akalelewa Hong Kong na kufia huko Julai 1973. Anwani yake, yenye maana ya "kuwa maji", inatokana na falsafa ya Lee kwamba mpiganaji ajifananishe na maji, ambayo huchukua umbo la chombo yanamotiwa. Makala haya yanadai kwamba taashira hiyo inakinzana na ushahidi unaotolewa na filamu yenyewe, na kwamba ukinzani huo unaihusu Kisumu, mji ambao nao una nyota wake Hollywood.

Kifani, Nguyen ameepuka mazoea ya kuwapanga wasemaji mbele ya kamera. Kwa sehemu kubwa ya filamu, mjane wa Lee, binti yake na marafiki zake husikika tu, huku macho ya mtazamaji yakibaki kwa Lee. Mbinu hii inaafikiana na maudhui, kwani Lee alikuwa mtu aliyetazamwa sana bila kusikilizwa. Katika The Green Hornet (1966-1967) aliigiza Kato, dereva na mtumishi aliyevaa kinyago, hodari wa kupigana lakini mchache wa maneno. Mwaka 1972, mhusika mkuu wa Kung Fu, mtu wa nasaba ya Kichina, aliigizwa na Mzungu, David Carradine. Filamu inayahusisha mambo haya na historia ndefu ya Wachina nchini Marekani, ambao sheria ya mwaka 1882 iliwazuia vibarua wao kuingia nchini humo. Ubaguzi, kwa hiyo, hausawiriwi kama hila ya mtu mmoja bali kama mfumo. Hapo ndipo penye nguvu ya kazi hii.

Udhaifu wake umo katika taashira. Maji yanayofuata umbo la chombo hayaulizi chombo kimefinyangwa na nani. Lee hakuishinda Hollywood kwa kujilainisha ndani yake, aliiacha. Hong Kong ilikuwa na studio, mitaji, majumba ya sinema na hadhira ambayo sura ya Kichina haikuhitaji kuelezwa kwake. Huko, chini ya kampuni ya Golden Harvest, alitoa The Big Boss (1971) na Fist of Fury (1972), kisha akaandika na kuongoza The Way of the Dragon (1972). Ndipo Warner Bros. ilipomfuata kwa ajili ya Enter the Dragon (1973). Maji hufuata mkondo, wasemavyo Waswahili, na mkondo wa Lee ulikwisha kuchimbwa na wengine.

Lupita Nyong'o, mwigizaji ambaye asili ya wazazi wake ni eneo hili la ziwa, alipata tuzo ya Oscar mwaka 2014. Baada yake, alishiriki katika Star Wars: The Force Awakens (2015) na The Jungle Book (2016) kwa wahusika waliochorwa kwa kompyuta: sauti yake ikasikika, sura yake isionekane. Hata kama uteuzi huo ulikuwa wa hiari yake, msomaji wa Be Water hawezi kukosa kukumbuka kinyago cha Kato. Mnamo Februari 2018, Kisumu ilishangilia uzinduzi wa Black Panther, ambamo Nyong'o ni Nakia, jasusi na mpiganaji. Shangwe hiyo ilikuwa halali. Hata hivyo, lugha ya Wakanda ni Kixhosa na sehemu kubwa ya picha ilipigwa jimboni Georgia, Marekani. Kilichofika ufukoni kilikuwa filamu iliyokwisha kukamilika. Kazi ya kuitengeneza ilibaki kwingine.

Aghalabu husahauliwa kwamba kabla ya hayo Nyong'o alikuwa ameongoza In My Genes (2009), filamu ya hali halisi kuhusu Wakenya wenye ualbino. Humo yeye ndiye aliyeamua nani atazamwe, na vipi. Na ubaguzi unaochunguzwa ni ule ambao Wakenya wenyewe wanawatendea wenzao kwa sababu ya rangi ya ngozi. Kazi hiyo inamnyima mtazamaji wa Kisumu faraja ya kudhani kwamba dhambi hii ni ya Hollywood peke yake.

Be Water inastahili kufundishwa, ila isifundishwe peke yake. Ikisomwa sambamba na In My Genes, swali linalojitokeza si namna msanii anavyoweza kulingana na chombo alichopewa. Swali ni nani, kandokando ya ziwa hili, atakayekifinyanga chombo kingine, na kwa mtaji gani.